Paa la Mayu na Wageni wa Ndege

Shinyanga, Stesheni
Septemba 20, 1953

Dada Melania,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujapasua bahasha, basi nimekujibu mapema tusipoteze karatasi. Sisi huku ni wazima kwa kiasi tunachoruhusiwa. Mayu hajambo, ni magoti tu yanayomgomea asubuhi. Mke wangu Zipora anakusalimu na anauliza tumbo limefika mwezi wa ngapi. Nimemwambia mambo hayo hayaulizwi kwenye barua inayopita mikononi mwa makarani watatu. Ukame haujatuacha. Ng'ombe wamemaliza majani, sasa wanatazama mapaa ya watu. Baba mdogo Kalisti ameuza dume lake la mwisho, lakini kila asubuhi anatoka na fimbo kwenda kuchunga, kwa mazoea.

Mabati yako yamefika, yote ishirini. Dereva wa lori la pamba aliyashusha mbele ya hoteli saa nne asubuhi, wageni wakiwa barazani na kahawa zao, na kwa kishindo kile Mzungu mmoja wa almasi akajimwagia kikombe. Bwana Pavlo, yule Mgiriki wetu mwenye hoteli, akatoka mbio kuuliza nani anapigana. Nikamwambia, "Ni nyumba ya mama yangu, bwana." Akayatazama mabati, akanitazama mimi, akasema niyaweke stoo ya nyuma kwa sasa. Basi yako stoo, makavu, yamelala vizuri kuliko mwenyewe.

Mpango ni uleule. Msonge wa Mayu sitaugusa, kwa kuwa msonge hauezekwi bati labda upate fundi wa kushona kofia. Nitamjengea kijumba cha pembe nne kando yake, ahamie kabla ya mvua. Fundi nimempata, Msumbwa mmoja mwenye kikohozi na kamba yake mwenyewe ya kupimia.

Sasa nikupe habari za hoteli, maana na wewe ni mwenye hoteli, ingawa yako ina benchi mbili na mgeni wako hulala juu ya meza ileile aliyonywea chai. Unakumbuka nilipovaa kanzu na mshipi mwekundu wa mhudumu mara ya kwanza? Treni ya Mwanza ilituletea watu kama mto unavyoleta takataka: wanunuzi wa pamba, mabwana mifugo, na wale watafuta dhahabu waliokwenda kwenu Geita wakarudi wembamba zaidi. Mgeni hakuchagua hoteli, treni ndiyo iliyomchagulia. Alitaka maji ya moto, nyama ya kondoo, na kitanda chenye kunguni wa wastani. Siku hizi wana ndege. Wa almasi wanashukia huko huko almasini. Wa Mwanza wanapita juu ya vichwa vyetu. Mpishi akisikia mngurumo hutoka jikoni, akainua uso, akasema, "Sahani kumi na mbili hizo, zinapita." Mwezi wa saba tulikuwa na vitanda kumi na vinne na mgeni mmoja, naye alikuwa mkaguzi wa afya aliyekuja kuangalia kama tunafaa kupokea wageni.

Lakini kuna jambo jipya. Kenya kuna ile Hali ya Hatari, na ofisi moja ya Nairobi inayotembeza Wazungu inatafuta njia ya kuwapitisha huku. Hawa hawana biashara, hawana ndugu, hawatafuti madini. Wanalipa ili watazame. Wanaitwa watalii. Bwana Pavlo alinieleza mara mbili nikadhani Kiswahili chake kimeharibika.

"Wanakuja kutazama nini, bwana?"

"Inchi."

"Nchi ipi?"

"Hii, Nkwabi. Hii!"

Nikageuka nikaitazama. Kulikuwa na vumbi, mbuzi wawili na tangi la maji la reli. Nikasema karibu sana.

Msalimu shemeji Ignas.

Kaka yako,
Nkwabi


Geita
Novemba 8, 1953

Kaka Nkwabi,

Shikamoo, na hii uipokee kama mpya, maana ile ya kabla ya bahasha imeshachakaa njiani. Barua yako imenifikia wiki ya saba. Wanasema ilikaa Mwanza ikingoja kivuko, kivuko kikingoja injini.

Mimi nashukuru Mungu. Tumbo liko mwezi wa sita, mwambie Zipora na makarani wote watatu. Ignas bado yuko kwenye winchi ya shimoni, anashusha watu na kuwapandisha, anasema ni kazi nzuri mradi usihesabu. Baridi ya asubuhi imempa kifua, lakini anakula.

Hoteli yangu unayoicheka haijambo kwa shida. Mgodi umefungua kantini. Mchimbaji anapewa tiketi, anapata ugali, maharage, na Jumamosi nyama. Mimi nimebaki na wale wanaotaka chai ya maziwa na maneno. Wale wa malori waliokuwa wakilala juu ya meza nao wamepungua, limekuja basi linalopita bila kulala. Kwa hiyo nawaelewa hao wa sahani zinazopita. Zangu zinapita chini, zinanirushia vumbi.

Lakini kaka, umeniandikia mengi ya ndege na mstari mmoja wa fundi. Fundi yuko wapi? Mwaka jana mvua ilinikuta kwa Mayu. Kitanda chake kilikuwa kimeshahamishwa mara mbili, tukakihamishia mahali pa tatu. Pa nne hapakuwepo. Alikaa na sufuria mapajani akikinga maji, akaniambia, "Usimwambie kaka yako, ana kazi nyingi." Sikukuambia. Sasa nakuambia.

Mabati yale ni miaka minne ya maandazi. Siyataji ili unishukuru. Nayataja ili yatoke stoo.

Kama fundi ana kikohozi, wapo vijana wa kijiji. Mwone nsumba ntale, mkuu wao, awatoe hata siku mbili, utawapikia. Mbona nyumba za wengine wanajenga? Nijibu upesi, mvua haisubiri posta.

Mdogo wako,
Melania


Shinyanga, Stesheni
Desemba 15, 1953

Dada Melania,

Marahaba mara mbili, kwa kuwa safari hii umeniamkia kwa ukali. Zipora hajambo. Kalisti hajambo, bado anachunga fimbo. Mayu hajambo sana, ameomba chumvi ya Uvinza nami nimempelekea.

Fundi amechukuliwa na kiwanda cha pamba. Nilimwona nsumba ntale, akasema vijana wake watakuja kwa moyo mmoja mara wakimaliza kulima, na wewe unajua kulima kwa mwaka wa ukame kunavyokwisha: kunaanza upya. Halafu kuna misumari. Misumari ya bati ina kofia, na Mhindi wa hapa anayo isiyo na kofia, anasema kofia zinakuja na meli.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe tisa. Ilikuwa ndogo.

Ngoja nikusimulie hao watalii. Wanashuka kwenye ndege kila Alhamisi, wanane au kumi. Wanakula, wanaoga, halafu saa kumi alasiri wanapakiwa magarini kwenda kuona kijiji. Ofisi ya Nairobi imeandika kwenye ratiba: kijiji halisi. Bwana Pavlo alizunguka vijiji vitano akitafuta hicho halisi. Cha kwanza kilikuwa na baiskeli kila mlango. Cha pili kilikuwa na shule, watoto wakamsalimu kwa Kiingereza, akakasirika sana. Cha tatu mtemi ana gari linaloshinda la Bwana Pavlo. Cha nne kilikuwa kizuri lakini kilikuwa na cherehani. Siku ya tano akaniuliza, "Wewe kwenu wapi?" Nami, kwa adabu tu, nikampeleka Mwanhembo kumsalimia mama yangu. Melania, aliposimama mbele ya ule msonge, na jiwe la kusagia, na kile kijumba cha masamva kando ya mlango, alivua kofia kama yuko kanisani.

Sasa sivai tena kanzu. Nina suruali ya kaki na kofia, mimi ndiye kiongozi wa wageni na mkalimani. Kiingereza nilichokiokota kwenye makopo ya siagi na magazeti ya wageni leo kinanilisha. Wanauliza maswali mazuri. Mmoja alionyesha kijumba cha masamva akauliza kama ni cha kuku. Nikamwambia ni cha wazee wetu waliofariki. Akainama kuchungulia kama wamo. Mayu akaniuliza, "Huyu ana baba?" Nikasema anaye. "Basi akamchungulie wake." Tulicheka sana. Mayu anawapenda, wanampa sukari. Anafurahi, usiwe na wasiwasi.

Limebaki jambo moja dogo. Nilimwambia Bwana Pavlo nataka Jumapili mbili nijenge kile kijumba cha bati. Akakaa kitako.

"Bati linang'aa, Nkwabi. Kwenye picha linang'aa. Kama wanataka bati, wanayo kwao Ulaya."

"Mama yangu anavujiwa, bwana."

"Mvua ni miezi minne tu."

"Ndiyo miezi anayovujiwa."

Akanipa sigara. Akasema nikitia bati pale, Alhamisi watahamia kijiji kingine, na mimi nirudi kwenye sahani, ila kwenye sahani ameshamweka mtu. Mtu mwenyewe nimemwona. Kanzu yangu inamtosha.

Kwa hiyo nimesema tungoje msimu wao uishe, mwezi wa tatu. Ni muda mfupi. Hata nyasi mpya nisingeweza kutia, nimezunguka mpaka Mwantini sikuona nyasi ndefu kuliko kidole.

Noeli njema.

Nkwabi


Geita
Januari 24, 1954

Kaka Nkwabi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimevimba miguu, nimebakiza wiki chache. Ignas anakusalimu.

Pantaleo, karani wa mishahara hapa mgodini, alikuja huko likizo ya Noeli. Ni Msukuma wa Nera, anakunywa chai kwangu, na Kiingereza amekisoma darasani. Nilimpa kitenge na mche wa sabuni ampelekee Mayu. Alifika Mwanhembo siku ya Alhamisi saa kumi. Hakujua kuna wageni. Alisimama nyuma ya zizi kungoja waondoke, na alikusikia kila neno, wewe na Mayu na Wazungu.

Amerudi, akanywa chai vikombe vitatu. Cha nne ndipo akanisimulia. Nakuandikia kama alivyoniambia, uniambie alipokosea.

Mama mmoja wa Kizungu alionyesha paa kwa kidole. Mayu akasema, "Mwambie hapo anapoonyesha ndipo panapovuja." Wewe ukamwambia Mzungu kuwa paa hilo liliezekwa na marehemu mumewe na hatalibadilisha kwa lolote.

Yule mama akafuta machozi. Akauliza kama kuna kitu bibi huyu anachohitaji. Wewe ukamwambia Mayu, "Anakuuliza afya."

Mayu akasema, "Afya ipo. Mwambie nina mabati ishirini stoo kwao hotelini, mwanangu wa Geita ameyaleta. Sina misumari wala ruhusa."

Wewe ukasema, "Anasema ana kila kitu."

Na yule mama akaandika kwenye kitabu chake.

Pantaleo anasema hakufungua mdomo kwa sababu wewe ni mkubwa, na yeye mgeni kwenye mji wa watu. Anasema alishindwa hata kutoa sabuni, aliiacha juu ya jiwe la kusagia.

Nakuuliza moja tu, kaka. Ni kweli?

Melania


Shinyanga, Stesheni
Aprili 30, 1954

Dada Melania,

Marahaba, na hongera. Tumesikia kwa wasafiri kuwa ni msichana na kwamba mmemwita Justa. Zipora amepiga vigelegele mpaka mkuu wa stesheni akadhani treni imewahi. Mayu alipoambiwa aliuliza mara tatu kama ana nywele. Mwambie Ignas mtoto wa kwanza akiwa msichana nyumba ina maji.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi. Vitanda kumi na vinne vimejaa na Bwana Pavlo ameagiza vingine sita. Ameweka kabati la barafu linalotumia mafuta ya taa, na kitabu barazani ambapo wageni huandika walichokipenda. Nakisoma kila Ijumaa. Zamani waliandika kuhusu kondoo na maji ya moto. Sasa kondoo hawamtaji. Wanaandika kuhusu Mayu. Mmoja ameandika kuwa hajawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile na vitu vichache kiasi kile. Alikuwa ameacha chakula nusu sahani.

Swali lako nimeliona.

Mwezi wa tatu ilinyesha siku tatu mfululizo, mvua ambayo ingetawanywa ingetutosha mwaka mzima. Ukuta wa msonge upande wa masamva ulilegea ukalala chini, na paa likaufuata. Mayu alikuwa ameshatoka, alikuwa kwa Kalisti tangu asubuhi kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuweka kitanda. Amekufa mbuzi mmoja. Mayu hakuumia, alipata homa ya siku tisa, nikamletea dawa ya zahanati. Kesho yake baada ya paa kuanguka ilikuwa Alhamisi. Wageni walipelekwa hivyohivyo, wakapiga picha kifusi, na mmoja akatoa blanketi.

Bwana Pavlo si mtu mbaya. Wiki ile ile alituma lori Kahama likarudi limejaa nyasi ndefu za dhahabu, ambazo mimi na miguu yangu sikuziona. Akaleta mafundi wanne. Misumari yenye kofia ilipatikana kabla ya chai ya saa nne. Wakajenga msonge ndani ya uzio wa hoteli, nyuma ya maua, mita thelathini kutoka barazani, ili wageni wasipate tabu ya barabara. Jiwe la kusagia limebebwa na watu watatu. Kijumba cha masamva kimejengwa kingine, kimepakwa chokaa.

Mayu anakaa humo. Halipi kitu, anakula jikoni kwetu. Alhamisi anakaa mlangoni na kusaga, siku nyingine anasaga akitaka.

Na chini ya nyasi wameweka mabati. Bwana Pavlo alisema hoteli haiwezi kuwa na kitu kinachovuja. Wameyakata kwa mkasi, pembe kwa pembe, yamezunguka kama maganda ya kitunguu. Kwa nje hayaonekani. Kwa hiyo mabati yako yako juu ya kichwa chake, kama ulivyotaka.

Msalimu Ignas na mtoto.

Nkwabi


Geita
Juni 13, 1954

Kaka Nkwabi,

Shikamoo.

Justa ana nywele, mwambie Mayu.

Ningekuja mwenyewe, usingeniona kwa barua. Ignas alibanwa mguu na gari la mawe tarehe ishirini na mbili mwezi wa nne. Mguu haukukatwa, lakini hawezi kuukanyaga, na winchi imepewa mtu mwingine. Wametuachia chumba cha laini za wafanyakazi mpaka apone au mpaka waone haponi. Nampikia, nanyonyesha, nauza chai. Benchi moja nimelifunga, hakuna wa kulikalia. Mwezi wa kumi, akianza kutembea na fimbo, naweza kumwachia mgahawa siku sita, kwenda na kurudi. Si zaidi.

Sikuulizi tena lile swali. Umelijibu kwa kutolijibu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ni ya Mayu. Hajui kusoma, na sina mtu mwingine huko wa kumsomea ila wewe. Hilo nimelifikiria sana, kaka, nikazunguka nalo kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikarudi kwako. Msomee kama ilivyo. Atakachosema, kiandike kama kilivyo. Hata akisema jambo baya juu yangu.

Melania

*

Mayu wangu,

Ni mimi Melania ninayesema, kaka anasoma tu. Nimejifungua msichana, anaitwa Justa, ana masikio yako. Nyuma ya mgahawa nina chumba. Kina bati, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Anayekuja anapiga hodi, na usipotaka kuitikia anaondoka. Mchana kuna kelele za mashine ya kuponda mawe, utazizoea.

Nataka nijue kwa kinywa chako. Unapenda kukaa hapo ulipo, au nije nikuchukue mwezi wa kumi? Ukisema unapenda, sitakasirika.


Shinyanga, Stesheni
Novemba 21, 1954

Dada Melania,

Marahaba. Zipora ni mzima. Kalisti alifariki mwezi wa nane, alilala mchana akiwa ameshika fimbo yake, tulimzika na hiyo fimbo. Nilikusudia kukuandikia siku ile. Poleni na mguu wa shemeji, nasikia kwa dereva wa pamba kuwa sasa anajikongoja.

Umenitaka niandike kama ilivyo, basi nianze na mimi. Karatasi ya Mayu ilinifikia tarehe nane Julai. Nimeisoma kwake jana. Katikati hapo ilikuwa ndani ya mfuko wa shati la kaki. Zipora ameifua mara moja, imefifia kidogo penye masikio.

Kweli. Pantaleo hakukosea hata neno. Ila hakuiona siku ya kwanza, na ningependa mtu angeiona. Siku ya kwanza Mayu aliwaambia wageni paa linavuja, nami nikaona aibu. Wewe unajua tulivyolelewa. Mgeni akija, hata kama mmelala njaa, unasema tumeshiba, karibu. Mgeni haonyeshwi panapovuja. Nilidhani namsitiri mama yangu. Alhamisi ya pili nikasema vilevile ili nisipingane na ya kwanza. Kufika ya tano ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba, kiongozi ataeleza maneno ya bibi, na wageni walikuwa wanakuja wakiwa wameshayasoma. Mzungu mmoja alinikumbusha niliposahau. Tangu hapo Mayu akisema "kunyesha" au "asubuhi" au "mjinga huyu", mimi nina maneno yangu tayari. Siku hizi haniambii cha kuwaambia. Anasogeza midomo tu, ananiachia.

Nimeongea na Bwana Pavlo kuwa dada anataka kumchukua mama. Hakunifokea. Alifungua mtoto wa meza akanitolea karatasi za Nairobi za msimu wa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano, za rangi. Mbele kabisa yupo Mayu, na jiwe, na mlango. Akasema, "Ameshachapishwa, Nkwabi." Zimepelekwa Ulaya na Amerika. Nilimuuliza zikiisha je. Akasema kuna hoteli zinajengwa mbugani upande wa Arusha, simba wanaonekana kutoka kitandani, na barabara ikikamilika hakuna atakayekuja Shinyanga kumtazama mwanamke anasaga. Anakadiria miaka miwili. Baada ya hapo hata yeye atauza. Nikamuuliza, basi si afadhali Mayu aende sasa? Akasema hiyo miaka miwili iliyobaki ndiyo maana haiwezekani sasa. Nikavaa kofia. Nikaenda kupokea ndege.

Kumtoa mwenyewe siwezi. Getini kuna mlinzi, na nyumba ninayolala na Zipora ni ya hoteli. Umemuuliza yeye, hukuniuliza mimi, lakini nimeona nikutajie.

Jana ilikuwa Jumamosi, hakuna mgeni. Nilienda kwake asubuhi, nikapiga hodi. Akashtuka, akaniuliza kuna nini. Nikaketi chini, nikamsomea, nikigeuza Kisukuma polepole, sikuruka hata mashine ya kuponda mawe. Penye masikio nikasoma kwa kukumbuka. Alikuwa anachambua mtama kwenye ungo. Nilipomaliza akaniuliza, "Ameandika hivyo, au umeandika wewe?" Nikaapa kwa kaburi la baba. Akasema nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza huu ni mwezi gani. Nikamwambia ni wa kumi na moja. Akatikisa ungo, ndipo akajibu.

Mvua imeanza. Dereva wa pamba anasema daraja la kwenda kwenye kivuko limekwenda na maji, na kwamba kwenu magari hayapiti mpaka kukauke. Barua hii nampa yeye, ataifikisha atakapofika. Nakuandikia alichosema Mayu. Sijaongeza, sijapunguza.

"Mwambie nimesikia. Mwambie aje anichukue. Ila asije Alhamisi. Alhamisi watampiga picha na mtoto."

Nkwabi